Ridhaa na Raha katika Hadithi za Kugeuka Umbo: Mwongozo kwa Mwandishi

Anayeandika hadithi ambamo binadamu hugeuka mnyama, ndege au mti kwa nguvu za uchawi huwa na haraka ya kufika pale manyoya yanapoanza kuota. Haraka hiyo inaeleweka, lakini sehemu inayoamua kama hadithi itapendeza au itakera hutangulia hapo: ni pale mhusika anapoulizwa kama anataka kugeuka, kwa masharti gani, na atarudi vipi. Kwa maoni yangu majadiliano hayo ndiyo yanayozaa raha yenyewe, maana kila sharti linalotajwa humpa msomaji jambo la kusubiri, na mwandishi anayeyaruka huwa ameitupa nusu bora ya hadithi yake.

Tuchukue mfano wa Masaka, nchini Uganda, mwezi wa Novemba, mvua zinapokolea na senene, wadudu wa jamii ya panzi wanaoliwa, wanapotoka. Wategaji husimamisha mabati juu ya mapipa, huwasha taa kali na kuchoma majani ili moshi uwapumbaze senene, ambao hugonga bati na kuteleza hadi ndani ya pipa. Mhusika wetu tumwite Nakato, mwanamke mtu mzima wa ukoo wa Nsenene, ambaye kwa mwiko wa ukoo wake hali senene, ila anawatega na kuwauza, na jambo hilo linamsumbua moyoni. Siku moja anamwendea bibi mmoja mwenye uwezo wa kugeuza watu. Mwandishi mwenye haraka ataandika kwamba bibi alitamka maneno na papo hapo Nakato akawa senene. Msomaji wa sentensi hiyo hajui afurahi au aogope, kwa kuwa hajui Nakato alitaka nini. Sasa tazama majadiliano yakiachiwa nafasi:

“Nataka niwe senene, Bibi. Nataka nijue wanaona nini wanapoiona ile taa.”

“Kwa muda gani, mjukuu wangu?”

“Mpaka taa zizimwe alfajiri.”

“Na ukitaka kurudi kabla ya alfajiri utaniambiaje, nawe hutakuwa na sauti?”

“Nitatua kwenye mkono wako wa kulia.”

“Usiku huu senene watatua mwili wangu mzima. Chagua alama nyingine.”

“Nitapanda kidole chako cha shahada, nishuke, nipande tena, mara tatu.”

“Vyema. Na ukiteleza ukaingia kwenye pipa?”

Nakato hakuwa amelifikiria pipa.

Katika mistari hiyo michache msomaji amekwisha kupewa umbo, muda, alama ya kusimamisha mambo na hatari kubwa ya usiku huo, na vyote vimetoka katika vinywa vya watu wawili wanaoheshimiana. Tangu hapo hatahitaji kuambiwa aogope pipa. Ataliogopa mwenyewe kila Nakato anaporuka karibu na bati. Jibu la bibi kuhusu pipa ndilo litakaloamua hii ni hadithi ya namna gani. Akisema waziwazi kwamba ndani ya pipa hawezi kumfikia, na Nakato akakubali hata hivyo, tumepata hadithi ya ujasiri. Akiijua hatari hiyo na kunyamaza, basi ridhaa aliyopewa ina tundu, kwa kuwa mtu hawezi kuridhia jambo alilofichwa, na hadithi inapaswa kulitambua tundu hilo na kumdai bibi majibu kabla ya ukurasa wa mwisho.

Jiulize pia kama mhusika wako angeweza kukataa. Nakato akiwa anadaiwa kodi ya nyumba na bibi huyo huyo, ombi lake si huru kama linavyosikika. Vivyo hivyo mfanyakazi anayegeuzwa na mwajiri wake, au mke anayekubali kwa kuhofia ukali wa mume. Kipimo changu ni rahisi: andika pembeni, katika daftari lako, tukio ambamo mhusika anasema hapana, kisha uone kinachomfika. Kama anarudi nyumbani salama na uhusiano wake na mwenye uchawi haujaharibika, ridhaa yake ni ya kweli. Kama anapoteza kazi, nyumba au usalama, hujakatazwa kuendelea, ila usiiite hadithi hiyo ya hiari. Na ridhaa haiazimwi: Nakato akiwa na pacha wake Babirye, Babirye hawezi kukubali kwa niaba yake hata kama wanafanana kama matone ya maji, na mtu aliyelala au aliyelewa hajakubali lolote.

Watoto wamo katika hadithi za namna hii tangu zamani, nao hufurahia sana kuwa samaki au kunguru kwa mchana mmoja. Mhusika akiwa mtoto, hadithi isiwe na jambo lolote la kimapenzi, awe katika umbo lolote lile, na neno lake la “basi, nimechoka” lisikilizwe mara moja na watu wazima waliomo.

Suala la sauti linastahili kazi zaidi kuliko waandishi wengi wanavyolifanyia. Mshairi wa Kirumi Ovid alisimulia habari za Actaeon, mwindaji aliyemkuta mungu wa kike Diana akioga, akageuzwa kulungu kwa adhabu. Akili yake ilibaki ya binadamu, lakini alipotaka kuwaambia mbwa wake kwamba yeye ndiye bwana wao, maneno hayakutoka, nao wakamrarua. Kinachotisha katika kisa hicho ni kwamba anayeteseka hana njia ya kusema imetosha. Ukitaka hadithi ya furaha, mpe mhusika wako njia hiyo mapema, ifanye iwezekane kwa mwili mpya, na uitumie angalau mara moja katika hadithi ili msomaji aone kwamba inafanya kazi. Ukitaka hadithi ya hofu, mnyang'anye njia hiyo kwa makusudi, ukijua unachofanya.

Gumu kuliko hilo ni swali la akili inayobadilika pamoja na mwili. Nakato akiwa senene atavutiwa na taa kwa namna ambayo hakuwahi kuvutiwa na kitu chochote. Tuseme saa tisa usiku bibi anamnyoshea kidole, naye hataki kupanda. Anachotaka ni mwanga tu. Je, ni Nakato anayekataa kurudi, au ni senene? Hapa baadhi ya waandishi humrudisha mhusika kwa nguvu na kuliita jambo hilo uokoaji, na wengine humwacha abaki na kuliita uhuru, bila kusema neno juu ya yale yaliyokubaliwa jioni. Mimi napendelea njia ya ahadi ya awali: kabla ya kugeuka, Nakato mwenyewe aseme, “Nikisahau mimi ni nani, nirudishe alfajiri hata kama nitapinga.” Sentensi hiyo humpa bibi haki ya kutenda, na bado humwachia mzigo, kwa sababu itambidi amshike kiumbe anayepapatika mkononi mwake huku akitumaini kwamba mwenye ahadi atamshukuru. Mwandishi anayeanza ni heri amwachie mhusika akili yake nzima ya kibinadamu katika hadithi zake za mwanzo, kisha ajaribu akili inayochanganyika akishazoea.

Kuna pia ridhaa iliyotolewa kwa jambo moja na kuangukia jingine, nayo ni chemchemi kubwa ya kicheko. Apuleius, mwandishi aliyezaliwa Madauros, katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliandika katika karne ya 2 habari za Lucius, aliyetamani kugeuka ndege kama alivyomwona mwanamke mchawi akigeuka bundi. Mtumishi wa nyumba alimletea dawa isiyo yenyewe, naye akawa punda. Papo hapo anaambiwa kwamba akila waridi atakuwa mtu tena, na kuanzia hapo kila waridi linaponyemelea hadithi msomaji anaketi sawasawa. Aliridhia uchawi, hakuridhia upunda. Kosa ni la bahati mbaya, dawa inajulikana, na kwa hiyo tunaweza kumcheka bila kumdharau. Ukiiga muundo huo, itaje tiba mapema, iwe kitu cha kawaida, kisha ukifanye kisipatikane kwa sababu zinazoaminika.

Laana ni jambo tofauti, na sisemi kwamba isiandikwe. Mtu hugeuzwa bila kutaka katika hadithi nyingi nzuri, kwa kuwa kunyang'anywa mwili wako ni hofu ya kweli. Ninachodai ni kwamba hadithi iwe upande wa aliyenyang'anywa: imwonyeshe akipanga, akijaribu, akikosea, akidai haki yake, na isimzawadie aliyemlaani kwa mapenzi au kwa shukrani eti amemfundisha adabu. Epuka pia kuifanya miili ya watu wengine kuwa adhabu. Mhusika anayegeuzwa kuwa mnene, mlemavu au mtu wa kabila jingine ili achekwe humwambia msomaji mwenye mwili huo au wa kabila hilo kwamba maisha yake ndiyo laana yenyewe, na Uganda, yenye makabila mengi yanayoishi mtaa mmoja, haihitaji kichekesho cha namna hiyo.

Sasa raha yenyewe. Hutoka zaidi katika usahihi wa mwili mpya, kwa hiyo mchunguze mnyama kabla ya kumwandika. Senene masikio yake yamo katika miguu ya mbele. Kwa hiyo Nakato, akitaka kusikia bibi anasema nini, itambidi aweke miguu yake vizuri kwanza, na akiteleza kwenye bati atasikia mlio wa bati hilo kwa magoti. Vipapasio vyake vya kichwani ni virefu kuliko mwili wake, na mwanzoni atavikanyaga. Dume ndiye anayeimba kwa kusugua mabawa, kwa hiyo Nakato akitaka kuitikia ataona hana cha kuitikia nacho. Mambo matatu ya aina hii yaliyochunguzwa vizuri yanatosha. Ukiyarundika kumi, hadithi itakuwa somo la wadudu. Amua mara moja nguo na simu huenda wapi mtu anapogeuka, sema kwa sentensi moja, usibadilishe. Na shida ndogo za maisha zina utamu wake: mwendesha bodaboda wa Jinja aliyekuwa korongo taji tangu asubuhi atawajibuje abiria wanaompigia simu, na nani ajuaye namba yake ya siri ya kutolea pesa? Kicheko kiwe kile ambacho mhusika mwenyewe angeshiriki akisimulia kesho yake.

Mwiko wa ukoo nao ni zawadi kwa mwandishi. Miongoni mwa Waganda, yaani watu wa Buganda, mtu wa ukoo wa Nsenene hali senene, wala wa Mmamba hali samaki aitwaye kamongo, na kwa hiyo Nakato akiingia nyumba ya ndugu zake yuko salama, lakini akiingia nyumba ya jirani sufuria iko jikoni. Hatari na kimbilio vimetokana na desturi iliyopo, bila mwandishi kubuni kitu.

Lakini kutumia desturi na imani zilizopo kunadai uangalifu. Watu halisi hushukiwa kuwa wachezaji wa usiku, yaani wachawi wanaodaiwa kuzurura usiku, na hufukuzwa au kupigwa kwa tuhuma tupu; kwa hiyo usiweke mchawi mbaya katika kijiji kinachotambulika wala usimpe sura ya jirani yako mzee anayeishi peke yake. Usiifanye damu au viungo vya mtu kuwa bei ya uchawi kwa ajili ya kusisimua tu, kwa kuwa jambo hilo limeumiza familia hapa Uganda kiasi kwamba sheria mahususi ya kuzuia kafara ya binadamu ilitungwa mwaka 2021. Mahali patakatifu kama maporomoko ya Sezibwa, ambayo simulizi husema mto wake ulizaliwa na mwanamke, pana watu wanaopatunza. Ukitaka kupatumia, zungumza nao, au buni maporomoko yako.

Usimalize hadithi mara mhusika anaporudi katika umbo lake. Mpe angalau ukurasa mmoja wa siku iliyofuata, kwa kuwa ridhaa hupimwa upya pale mtu anapojua alichokubali: Nakato atasimama tena kwenye mabati jioni, na ama atawasha taa ama hatawasha, na msomaji anastahili kuona ni lipi na kwa nini.

Msomaji naye anayo ridhaa yake. Weka mwanzoni sentensi moja au mbili zisizoficha, kwa mfano kwamba hadithi hii ina mtu anayegeuzwa bila hiari na kufungiwa gizani, na kwamba anarudi salama. Wapo wanaodai tahadhari hiyo inaharibu mshangao. Mimi sikubaliani nao, kwa kuwa inataja aina ya hofu bila kufichua njia ya kutokea. Ukitaka kumgeuza rafiki yako halisi kuwa chura katika hadithi ya kuchekesha, mwombe kwanza na umsomee kabla ya mwingine yeyote. Na mnapoandika kwa pamoja, kila mwenye mhusika wake aseme mapema ni nini kinaweza kumpata mhusika huyo na nini kisimpate, na ruhusa ya jana isichukuliwe kuwa ruhusa ya leo. Mwenzako asipojibu, endeleza tukio jingine ambalo mhusika wake hayumo mpaka atakapojibu.