Somo: Taka za wodini, kuanzia mkononi mwako hadi tanurini

Msimamishe muuguzi yeyote hapa Moshi umuulize rangi za ndoo za taka. Atakutajia bila kupepesa: nyeusi au bluu taka za kawaida, njano zenye maambukizi, nyekundu zenye maambukizi makali. Mtihani tunafaulu wote. Kazi inakuja saa tisa usiku, wodi imejaa, ndoo ya njano iko mlangoni na mgonjwa yuko kitanda cha mwisho.

Naandika kwa sababu ya sindano moja. Mama wetu wa usafi alinyanyua mfuko mweusi, akauegemeza kwenye nyonga kama mtu anayebeba majani ya ng'ombe, ikamchoma pajani. Ndani mlikuwa na maganda ya ndizi, kikombe cha uji na sindano isiyo na kifuniko. Akauliza, "Sista, hii imetoka kwa mgonjwa gani?" Hakuna aliyejua.

Hatua ya 1: Aliyezalisha taka ndiye anayeitenga. Sogeza toroli na sefti boksi (boksi la kutupia sindano) hadi kitandani kabla hujavunja ampuli, kile kichupa cha dawa. Sindano ikitoka kwenye ngozi, iingie boksini pamoja na bomba lake. Usirudishie kifuniko, usiipinde, usimpe mwenzako akutupie. Ukikosea hapa, mbele hakuna wa kuchambua, na asichambue! Shirika la Afya Duniani linasema takriban asilimia 85 ya taka za hospitali ni za kawaida tu, kama za nyumbani. Ukizichanganya na hizo 15, zote zimeharibika, na utachoma mafuta kuunguza maganda ya ndizi.

Hatua ya 2: Boksi likifika robo tatu, funga. Nimeona mtu akilitikisa boksi kama debe la mahindi sokoni ili zishuke zingine ziingie. Usifanye hivyo.

Hatua ya 3: Kubeba. Mfuko ufungwe shingo, uandikwe wodi na tarehe, ushikwe shingoni, usikumbatiwe. Mbebaji avae glavu nzito, aproni na buti. Zile glavu nyepesi za kupimia wagonjwa si za kazi hii.

Hatua ya 4: Mwisho wa safari. Chumba cha taka kiwe na kufuli, na kwa joto la Januari zisilale humo zaidi ya saa 24. Kondo la nyuma lina shimo lake. Tanuri lifike nyuzi 850 chumba cha kwanza na 1,100 cha pili. Ukiona moshi mweusi (wa tanuri, si mji wetu), joto halijafika.

MASWALI

*Shikamoo sista. Nikichomwa nifanye nini kwanza?*
Marahaba mdogo wangu. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usikamue, usipake jiki. Toa taarifa saa hiyo hiyo, usisubiri zamu iishe: dawa kinga ya VVU huanza mapema iwezekanavyo, isipite saa 72, na humezwa siku 28. Umechanjwa homa ya ini B? Wengi wanaogopa VVU tu, ambayo hatari yake ni kama 3 kwa kila 1,000. Homa ya ini B kwa asiyechanjwa inaweza kufika 30 kwa 100.

*Kwetu tunamwagia jiki ndani ya boksi. Ni sawa?*
Hapana. Boksi ni la karatasi ngumu, litalowa na kitako kitaachia. Jiki ni ya damu iliyomwagika sakafuni: ile ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa maji sita.

*Binti yangu, najichoma insulini nyumbani Kibosho. Hizi sindano nitupe chooni?*
Shikamoo baba. Usitupe chooni wala shambani. Tafuta chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko cha kuzungusha, uiandike "sindano", uiweke mbali na wajukuu. Ikikaribia kujaa, njoo nayo siku ya kliniki. Ya soda ya kioo usitumie, inapasuka.

*Yule mama wa usafi anaendeleaje?*
Alimaliza siku zake 28 na chanjo ameanza. Majibu ya vipimo ni yake. Kazini yupo, ila siku hizi hagusi mfuko mweusi mpaka muuguzi wa zamu aje aufunge mwenyewe mbele yake.