Kipima mkojo ndani ya choo: kukifunga na kupata majibu ya kuaminika

Vifaa vya kupima afya chooni viko vya namna mbili kuu: kidude kinachoning'inia ndani ya bakuli na kunasa mkojo, na kamera inayobanwa ukingoni kutazama rangi na umbo la haja. Hapa tunashughulika na cha kwanza. Kikitoa majibu ya ajabu, anza kukagua mahali kilipowekwa na dawa inayotumika kusafishia choo.

Kausha ukuta wa mbele wa bakuli kwa karatasi, kaa, kojoa, kisha utazame mchirizi ulipopita. Hapo ndipo pa kukiweka, juu ya usawa wa maji. Wanaume nao wakae, maana mkojo wa kusimama hutua kila mara mahali tofauti. Vuta maji uone kama yanakiosha chote. Yasipokifikia, mkojo wa mtu wa kwanza utachanganyika na wa anayefuata, na hapo hakuna jibu la kuaminika.

Dawa za klorini ndizo zinazodanganya zaidi. Kemikali za kupimia damu na sukari hubadilika rangi kwa kuoksidishwa (badiliko la kikemia kama la chuma kupata kutu), na klorini huoksidisha vilevile, hivyo kifaa kinaweza kuonyesha damu isiyokuwepo. Mtu anaweza kukosa usingizi kwa hofu ya bure! Toa kifaa kabla ya kusafisha, vuta maji mara 2 au 3, ndipo ukirudishe. Vidonge vya rangi ya bluu vya kwenye tangi uviache kabisa. Maji yako yakiwa na chumvi nyingi, futa ukoko mweupe kwa siki iliyozimuliwa, kisha suuza.

Pima mkojo wa kwanza wa asubuhi. Kipimo cha naitraiti, kinachoashiria maambukizi ya njia ya mkojo, kinahitaji mkojo uliokaa kibofuni saa 4 hivi. Vitamini C nyingi huficha sukari na damu. Hedhi huleta damu isiyotoka kwenye figo wala kibofu.

Wiki ya kwanza linganisha na stripu za kawaida, yaani vijiti vyembamba vya kuchovya vyenye visanduku vinavyobadilika rangi. Kinga mkojo kwenye kikombe safi, chovya stripu na kuitoa mara moja, gusisha ukingo wake kwenye karatasi ili matone yasivuke kutoka kisanduku hadi kisanduku. Kwa stripu nyingi, sukari husomwa sekunde ya 30, protini na damu sekunde ya 60, chembe nyeupe dakika ya 2. Fuata muda ulioandikwa kwenye kopo lako. Rangi inayojitokeza baadaye usiihesabu.

Uzito wa mkojo ukilinganishwa na wa maji ya ujazo uleule kwa kawaida huwa kati ya 1.005 na 1.030. Ukikaribia kiwango cha juu kila asubuhi, pengine hunywi maji ya kutosha. Sukari huanza kuonekana kwenye mkojo pale ya damuni inapopita takriban 10 mmol/L, kwa hiyo kutoonekana kwake hakumhakikishii mtu kwamba hana kisukari. Naye anayetumia dapagliflozin, dawa ya kisukari, ataonyesha sukari kila siku, kwa kuwa ndivyo dawa hiyo inavyofanya kazi.

Protini au damu ikijirudia siku kadhaa, nenda hospitali na rekodi zako. Damu unayoiona kwa macho usiisubirishe hata siku moja.

Kila mtu nyumbani awe na akaunti yake kwenye programu ya simu. Mgeni akitumia choo, futa kipimo chake siku hiyohiyo, kabla hakijavuruga wastani wako.