Somo: Kuandaa kiraka chako kabla hujakituma kwenye mradi huria

Karibuni. Kiraka ni badiliko la msimbo unalopendekeza kwa mradi. Kiraka kizuri huweza kukaa bila kuguswa kwa sababu tu msimamizi hakuelewa kinatibu nini. Tumrahisishie kazi.

Hatua ya 1. Soma faili la CONTRIBUTING kwanza, lenye maelekezo ya mradi kwa wachangiaji. Miradi haifanani, kerneli ya Linux (kiini cha mfumo huo wa kompyuta) mpaka leo inapokea viraka kwa barua pepe.

Hatua ya 2. Chukua msimbo wa sasa, kisha kwa Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, fungua tawi jipya (nakala ya kufanyia kazi kando ya msimbo mkuu): `git switch -c rekebisha-tarehe`.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye kazi. Kiraka kimoja, badiliko moja. Umetibu hitilafu ya tarehe, njiani ukaona nafasi zimekaa vibaya ukazinyoosha, ukabadili na jina la funksheni. Hayo ni mambo matatu. Ukiyafunga furushi moja, mkaguzi haoni hitilafu ilitibiwa wapi, na siku moja likibidi kuondolewa, yote yanaondoka nalo. Tumia `git add -p`: Git itakuuliza kipande kwa kipande, `y` kuchukua, `n` kuacha. Kisha `git diff --cached --check` ikuonyeshe nafasi zilizobaki mwishoni mwa mistari.

Hatua ya 4. Hifadhi badiliko lako kwa `git commit` (hiyo ndiyo komiti) na uandike ujumbe wake. Kichwa kiwe cha herufi 50 hivi, uache mstari mtupu, halafu maelezo yenye mistari isiyozidi herufi 72. Kilichobadilika kinaonekana kwenye msimbo wenyewe. Wewe eleza sababu. "Rekebisha tarehe" haimsaidii mtu. "Zuia programu kuanguka tarehe 29 Februari" itamsaidia hata atakayeisoma miaka kumi ijayo.

Hatua ya 5. Endesha majaribio yote, kisha tuma.

Maswali

*Mwalimu, hiyo Signed-off-by, sahihi ninayoiona mwishoni mwa ujumbe wa komiti, ni ya nini?*
Unathibitisha kwamba una haki ya kuutoa msimbo huo. Kerneli ya Linux ilianza utaratibu huu mwaka 2004. `git commit -s` huiweka yenyewe. Kama umeajiriwa, zungumza na mwajiri kwanza, maana huenda msimbo ni mali yake.

*Nimeambiwa nirekebishe. Niongeze komiti nyingine juu yake?*
Fuata desturi ya mradi. Kwenye kerneli hapana: rekebisha ileile kwa `git commit --amend`, kisha `git format-patch -v2 -1` itengeneze faili la toleo la pili. Ndani yake, chini ya mstari wa `---`, taja ulichobadilisha tangu la kwanza.

*Siku tatu sasa, kimya. Niwakumbushe?*
Subiri, ndugu yangu. Mwongozo wa kerneli unataka walau wiki moja.