Somo: Marangu hadi Kibo na kurudi, siku tano bila kilele

Somo hili ni la mtu anayekwenda Mlima Kilimanjaro bila mpango wa kilele. Anataka kuuona Kibo, sehemu ya mlima iliyo juu kuliko zote, uso kwa uso, ale chakula cha mchana kwenye mita 4,720, kisha ashuke akiwa na akili zake timamu. Wapo wanaoidharau safari hii, wanasema ni sawa na kufika mlangoni usiingie ndani. Kwangu mimi ndiyo safari ya kwanza inayomfaa mtu wa Dar au Tanga ambaye hajawahi kulala juu ya mawingu.

Tunatumia njia ya Marangu, kwa sababu ndiyo pekee Kilimanjaro yenye vibanda vya kulala, hivyo habari ya mahema haipo. Shika namba hizi za vituo vyake: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, na kibanda cha Kibo 4,720. Kutoka kituo hadi kituo unapanda juu mita elfu moja. Sasa, madaktari wa milimani wanashauri kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali unapolala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Anayelala Mandara, kesho Horombo, keshokutwa Kibo, anaruka mara mbili ya kipimo hicho, tena siku mbili mfululizo. Ndiyo maana hapa tunalala Horombo mara tatu, na Kibo tunakwenda mchana na kurudi.

Kabla ya geti

Kupanda bila mwongozaji mwenye leseni hairuhusiwi, uwe raia au mgeni. Ukiongea na kampuni, waambie mapema kuwa mwisho wako ni Kibo na malazi ni Horombo, na uone imeandikwa hivyo kwenye ratiba. Usipokazia, watakuandikia safari ya kilele kwa mazoea tu. Raia tunalipa ada ndogo ya hifadhi kuliko wageni, kwa hiyo kitambulisho cha taifa au pasipoti usisahau. Nenda Januari hadi mwanzoni mwa Machi, au mwisho wa Juni hadi Oktoba. Masika waachie wenye roho ngumu.

Mzigo anaobeba mgumu, ndivyo wapagazi wanavyoitwa huku, haupaswi kuzidi kilo 20, na getini kuna mizani. Ukijaza begi kwa viatu vya kupigia picha, kuna shingo ya mtu inayoulipia. Beba nguo za ndani za kubana, sweta zito, koti nene la baridi, koti la mvua na suruali yake, kofia, glovu, soksi za sufu, tochi ya kichwani, miwani ya jua na begi la kulalia la baridi kali. Jinzi iache nyumbani, ikilowa haikauki mpaka urudi Moshi. Chupa za maji za kutupa haziruhusiwi hifadhini, nunua za kudumu zenye ujazo wa lita tatu kwa jumla.

Siku ya kwanza na ya pili

Geti hadi Mandara ni kilomita kama nane ndani ya msitu, mwendo wa saa tatu hadi nne. Ni siku rahisi, na ndiyo inayowaponza vijana, maana wanaifanya mashindano. Angalia juu kwenye miti uone mbega. Jioni nyoosha miguu hadi kreta ya Maundi, si mbali na kibanda.

Kesho yake msitu unaisha ghafla, unaingia kwenye vichaka na nyasi, Mawenzi, kilele cha pili cha mlima, inajitokeza mbele na Kibo nyuma yake. Kuelekea Horombo ni kilomita 11 au 12, saa tano hadi saba kwa mwendo wa kistaarabu. Mwendo wa kistaarabu maana yake unaweza kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi. Ukishindwa kuongea, punguza. Kwenye ukanda huu ndiko moto wa Oktoba 2020 ulikopita.

Horombo utapokelewa na chai ya moto na bisi, kisha beseni la maji ya kunawa. Kunywa chai hata kama huna hamu. Mtandao pia upo, shirika la simu la TTCL lilifikisha intaneti hapo mwaka 2022, kwa hiyo mama nyumbani anaweza kukuona.

Siku ya tatu: panda juu, lala chini

Hii ndiyo siku ambayo watu wanataka kuikata ili kuokoa fedha. Usiikate. Asubuhi mnatembea taratibu hadi kwenye majabali ya Pundamilia, karibu mita 4,000. Ni ukuta wa mwamba mweusi ambao maji yenye madini yameuchora mistari myeupe. Kaeni hapo kidogo, mkiweza sogeeni juu zaidi, kisha rudini Horombo mle na mlale. Mwili unajifunza hewa ya juu halafu unapumzika kwenye hewa ya chini. Utakojoa mara nyingi usiku, ni dalili nzuri.

Siku ya nne: Kibo

Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi. Kwenda ni kilomita kama kumi, saa tano hadi sita. Mtapita mahali pa mwisho penye maji, na baada ya hapo hakuna. Hata maji ya kupikia Kibo wagumu wanayapandisha kutoka chini, kwa hiyo jazeni chupa zote. Kisha mnaingia kwenye tambarare kati ya Mawenzi na Kibo. Ni jangwa kabisa: changarawe, upepo, njia nyeupe inayoonekana hadi mwisho wake, na kibanda unachokiona saa mbili kabla hujakifikia. Hapa ndipo watu wanapochoka moyo kabla ya miguu. Tazama visigino vya mwongozaji, acha kutazama kibanda.

Wekeni saa ya kugeuka kabla hamjaondoka. Mimi husema saa saba mchana: popote mlipo, mnageuka.

Kibo kaeni saa moja, isizidi. Kila pumzi hapo inakupa zaidi kidogo ya nusu ya oksijeni unayoipata pwani, hivyo hata kufunga kamba za viatu kutakufanya uhemee juu juu. Mtawakuta waliotoka kileleni asubuhi ile wamekaa kwenye mawe nje ya kibanda cha mawe, vumbi hadi kwenye kope, mtu ameshika kikombe cha supu na hainywi. Waangalieni vizuri. Kuleni, pigeni picha, mshuke. Mtafika Horombo kabla ya giza.

Siku ya tano ni kushuka tu hadi getini, karibu kilomita 20. Kata kucha za miguu kabla ya safari, la sivyo utazipoteza siku hiyo.

Dalili za ugonjwa wa mwinuko za kutopuuzwa

Kichwa kuuma kidogo Horombo ni kawaida. Kichwa kinachouma na kichefuchefu pamoja: hupandi tena mpaka kiishe. Kikohozi chenye povu, au kukosa pumzi hata ukiwa umekaa: unashuka sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane. Kuna kipimo rahisi cha ubongo: mwambie mtu atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akiyumba kama mlevi, hakuna mjadala, ashushwe. Kuna machela za gurudumu moja kwa kazi hiyo. Na mwongozaji akikuuliza umelalaje, sema ukweli. Anauliza kwa sababu ya usalama wako, hakusalimii tu.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, nikishafika Kibo nikajiona niko fiti, si naweza kuunganisha kileleni?*

Hapana, kaka. Kibali chako, chakula na siku zako vimepangwa kwa Kibo. Wanaokwenda kileleni wanaondoka Kibo karibu saa sita usiku na wana mita 1,175 nyingine za kupanda. Kujiona fiti saa sita mchana hakukuambii chochote kuhusu saa tisa usiku.

*Nina siku nne tu za likizo. Inawezekana?*

Inawezekana, watu wanafanya. Unaondoa siku ya Pundamilia, unakwenda Kibo siku ya tatu. Lakini kama ningekuwa mimi, ningeondoa Kibo, nikabaki na Pundamilia.

*Shikamoo mwalimu. Baba ana miaka 64, ana presha ila anatumia dawa. Anataka sana kwenda.*

Marahaba, mwanangu. Umri peke yake si kizuizi. Presha iliyotulia kwa dawa si mwisho wa habari, lakini daktari wake aseme, tena aambiwe mita 4,720, asiambiwe "mlimani" tu. Mzee apewe mwongozaji wake mwenyewe ili asisukumwe na mwendo wa vijana. Kwa kweli wazee wananipa shida kidogo kuliko vijana wa jimu.

*Diamox, ile dawa ya mwinuko, ni lazima?*

Si lazima. Ratiba hii imepangwa ili uweze kwenda bila hiyo. Inasaidia mwili kuzoea, inakufanya ukojoe sana, vidole vinawasha na soda inapoteza ladha. Mwenye mzio wa dawa za salfa amwone daktari kwanza. Na isitumike kama ruhusa ya kupanda ukiwa na dalili.

*Dada zangu mliokwenda, vyoo vikoje?*

Dada mmoja aliniagiza nijibu hivi: Mandara na Horombo vinatumika bila shida, Kibo ni vya shimo, nenda na tochi na pumzi yako. Beba karatasi zako, vitakasa mikono, na mfuko wa kurudisha taka zako chini, zikiwemo pedi.

*Bahasha ya bakshishi ya wagumu anapewa nani?*

Kila mmoja mkononi mwake, mbele ya wote, na kiasi kitajwe kwa sauti. Usimpe mtu mmoja agawe.

*Vifaa naweza kukodi Moshi?*

Karibu vyote: koti, begi la kulalia, fimbo, tochi. Kagua zipu na betri kabla ya kulipa. Viatu nunua, hata vya mtumba, uvivae mjini wiki kadhaa kabla ya safari.