Somo: Ekinasea fupi kwa bustani ya nyuki na vipepeo

Ekinasea ni ua la asili la mashariki na katikati ya Marekani. La porini hufika sentimita 60 hadi 120. Aina fupi huishia 40 hadi 60, hazianguki kwa upepo na zinafaa mbele ya tuta. Somo hili ni la wanaolima huko, penye theluji.

1. Kuchagua mche. Hapa ndipo wengi wanawanyima nyuki chakula bila kujua. Chukua ua lenye mzunguko mmoja wa petali, kama PowWow Wild Berry, Kim's Knee High au Pixie Meadowbrite. Maua ya petali zilizorundikana yanapendeza machoni, lakini nyuki hapati njia ya kufikia nekta na chavua. Muulize pia muuzaji kama miche imetiwa neonikotinoidi, dawa ya kuua wadudu. Sumu hiyo husambaa ndani ya mmea mpaka kwenye nekta.

2. Mahali. Jua kwa muda wa saa 6 au zaidi kila siku. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yakiisha lijaze tena. Maji yakibaki baada ya muda wa saa 4, inua tuta kwa sentimita 15 hadi 20. Baridi kavu mmea huu unaivumilia. Maji yaliyotuama kwenye kitako chake wakati wa baridi ndiyo yanayouozesha.

3. Kupanda. Panda jalidi ikishaisha, miche 3 hadi 5 pamoja, nafasi sentimita 35 hadi 40. Machipukizi yawe usawa wa udongo, yasifukiwe. Weka matandazo ya sentimita 5 yasiyogusa shina. Mboji kidogo inatosha; naitrojeni nyingi huleta majani mengi na mashina legevu. Mwaka wa kwanza mwagilia kila wiki, maji yazame hadi kwenye mizizi. Miche iliyochelewa kupandwa ikatwe vikonyo vya maua ili ijenge mizizi kabla ya baridi.

4. Baada ya kuchanua. Vichanua, yaani maua madogo yaliyo kitovuni mwa ua, hufunguka kuanzia pembeni kwenda katikati, hivyo ua moja hulisha wadudu kwa wiki kadhaa. Kuanzia mwishoni mwa Agosti acha kukata maua yaliyonyauka: ndege wa jamii ya chiriku hula mbegu. Mashina yakate majira ya kuchipua, ukibakiza sentimita 20 hadi 40, kwa sababu wako nyuki wapweke wanaotaga ndani yake.

Maswali ya wanachama

*Mbegu zangu hazioti. Kwa nini?*
Nyingi zinahitaji baridi na unyevu kwanza. Zifunge kwenye karatasi nyevu, ziweke kwenye friji wiki 4, kisha zifunike kwa udongo wa milimita 3 tu. Kwenye nyuzi 20 huota kwa siku 10 hadi 20. Mbegu za chotara hazizai ua kama la mama.

*Petali zimegeuka kijani na majani yanaota juu ya ua. Nipulizie dawa gani?*
Hakuna dawa, ndugu. Ni ugonjwa wa fitoplazma, aina ya bakteria wanaoishi ndani ya mmea, unaoenezwa na vidudu wafyonza utomvu. Ng'oa mmea wote leo, na mizizi yake. Ila vishungi vikiwa kitovuni tu na mmea mwingine mzima, huenda ni utitiri: kata ua hilo, tupa kwenye taka, si kwenye mboji.

*Kwenye chungu itavuka baridi?*
Ndiyo, kiwe kikubwa na chenye matundu. Mizizi ya chunguni hupigwa na baridi kuliko ya ardhini, kwa hiyo fukia chungu kizima tutani kabla ardhi haijaganda.