Kikundi cha afya mtaani: presha, mazoezi na sanduku la akiba

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Uganda ana presha ya juu, na wengi wao walikuwa hawajui. Vidonge vya presha si ghali. Kinachofilisi nyumba ni kiharusi: mmoja anapooza, wa pili anaacha biashara ili amuuguze, kisha kiwanja kinauzwa. Vituo vya serikali viliacha kutoza ada mwaka 2001, lakini dawa zikiisha kituoni mgonjwa hujinunulia. Muswada wa bima ya afya uliopitishwa na Bunge mwaka 2021 nao haukuwa sheria. Kwa hiyo kikundi cha mtaani, kiwe Arua, Busia au Kisenyi, kina kazi mbili kubwa: kugundua mapema, na kuhakikisha dawa haikatiki.

Kabla ya kumpima mtu yeyote

Anza kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na VHT (mhudumu wa afya wa kujitolea) wa kijiji, kisha nendeni pamoja kwenye kituo cha afya cha daraja la tatu au la nne. Ulizeni siku ya kliniki ya presha na kisukari, dawa zilizopo kwa sasa, na mgonjwa hupewa za siku ngapi. Msiruke hatua hii. Ukipima watu 60 sokoni bila kujua utawapeleka wapi, umewagawia wasiwasi tu, na mwezi ujao hawatakuja.

Wanachama 20 hadi 25 wanatosha. Wakizidi, anzisheni kikundi cha pili. Uzinduzi wenye fulana, soda na mgeni rasmi uacheni, maana hula pesa za mashine. Na semeni mapema kwamba hii si PDM, mpango wa serikali unaotoa pesa kupitia parokia, la sivyo nusu ya watu watakuja na vitambulisho mkononi wakisubiri milioni moja.

Kupima bila kudanganywa na mashine

Nunueni mashine ya kidijitali inayofunga mkono wa juu, si ya kifundo cha mkono. Kosa la kawaida liko kwenye mkanda. Mashine nyingi huja na mkanda wa mikono yenye mzingo wa sentimita 22 hadi 32, na mtu mwenye mkono mnene akifungwa huo atasomeka juu kuliko alivyo. Pimeni kwa futi ya fundi cherehani katikati ya bega na kiwiko. Ukizidi 32, tumieni mkanda mkubwa wa 32 hadi 42. Inunueni yote miwili tangu mwanzo.

Anayepimwa asiwe amekunywa chai au kahawa wala kuvuta sigara kwa nusu saa, na awe ametoka chooni. Akae dakika 5 kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote mbili chini, asikunje nne, mkono ukilala mezani usawa wa moyo. Mkanda ukae kwenye ngozi. Mkono wa kitenge uliobana usikunjwe hadi juu, kwa sababu unakaba kama kamba. Wekeni pazia ili mama avue upande mmoja. Kisha kimya, kwake na kwa anayepima. Maongezi tu yanaweza kupandisha kipimo kwa pointi 10, na sokoni maongezi hayaishi. Pimeni mara mbili, dakika 1 katikati, muandike wastani.

Namba ya juu ikifika 140 au ya chini ikifika 90, apimwe tena siku nyingine. Kipimo kikirudi hivyo hivyo, aende kliniki. Ya juu ikifika 180 au ya chini 110, apumzike na kurudiwa, na kipimo kikibaki huko aende kituoni siku hiyo hiyo. Akiwa pia na maumivu ya kifua, pumzi fupi, au udhaifu wa upande mmoja, usingoje kurudia, ita usafiri.

Daftari liandike namba ya mwanachama badala ya jina, vipimo, tarehe ya kurudi na siku dawa zitakapoisha. Safu hiyo ya mwisho ndiyo VHT anayoifuata kila wiki. Vipimo havisomwi kwa sauti. Kila baada ya miezi michache linganisheni mashine na ya kituoni, na badilisheni betri kabla hazijalegea.

Mazoezi na chumvi

Lengo ni dakika 150 kwa wiki: kutembea haraka dakika 30 kwa siku 5, kwa mwendo unaokuruhusu kuongea lakini si kuimba. Saa chagueni kwa kufuata biashara. Wauza mboga hawawezi alfajiri. Wanaume hawaji wakiitwa, basi nendeni na mashine kwenye stendi ya boda.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa mtu kwa siku, yaani kijiko cha chai kimoja kilichosawazishwa. Nyumba ya watu wazima watano haitakiwi kufikisha gramu 750 kwa mwezi, ikihesabiwa pamoja na iliyo ndani ya viungo vya mchuzi. Mkimaliza pakiti mbili za nusu kilo, mmezidisha.

Sanduku

Sanduku liwe na kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti. Pesa za afya zikae mfuko wake, mbali na akiba ya kukopeshana. Watu 24 wakitoa shilingi 1,000 kila wiki, miezi mitatu inaleta 312,000. Zitumike kwa betri, nauli ya aliyepelekwa kituoni, na dawa kituo kikikauka. Mkichanganya mifuko, mtu atakopa pesa za dawa kununua mahindi, na msimu ukiharibika mgonjwa atakaa bila vidonge.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati-chini, dola 1 inayowekezwa dhidi ya magonjwa yasiyoambukiza hurudisha angalau dola 7 kufikia 2030. Muuza samaki haitamgusa hesabu hiyo. Mpeni yake: kila mwezi aandike siku alizoshindwa kufungua meza kwa ugonjwa au kuuguza, na pesa za boda na dawa. Tuseme faida yake ni 15,000 kwa siku. Siku nne zilizopotea ni 60,000, ilhali mchango wake kwa mwaka ni 52,000. Anzeni kuandika mwezi wa kwanza kabisa, kwa sababu bila mwezi huo hamtakuwa na cha kulinganisha.