Somo: Sikia mwenyewe simu inavyosumbua redio ya rubani

Wakuu, kila safari mhudumu akitangaza simu ziwekwe hali ya ndegeni, hakosi abiria wa kunong'ona kuwa hizo ni mbwembwe tu. Leo tusibishane, tujaribu. Ndege haihitajiki.

1. Tafuta redio ndogo yenye spika, hata ya betri. Iwashe kwa sauti ya wastani.

2. Kwenye mipangilio ya simu chagua 2G pekee. Ukiiruka hatua hii usije kunilaumu.

3. Laza simu juu ya redio, mtu akupigie. Kabla haijaita, spika itakoroma: trr-ti-ti, trr-ti-ti. Waliotumia Nokia za tochi wanaujua mlio huo.

Hapa ndipo penye somo. Redio yako ya FM haivuki megahezi 108, simu inarusha kwenye 900 au 1800. Masafa hayakutani kabisa! Ila simu ya 2G hairushi mfululizo. Inarusha kwa vipande, mara 217 kwa sekunde, na nguvu yake inaweza kufika wati 2. Nyaya za amplifaya zinageuka antena, zinadaka ile midundo, inatoka kama sauti. Mkoromo huohuo marubani huusikia kwenye hedifoni, hasa simu ikiwa karibu nao.

4. Isogeze simu pembeni polepole. Hatua moja mbili tu, mlio unakufa.

5. Irudishe, weka hali ya ndegeni. Kimya.

MASWALI

Mkuu, kwa hiyo nikisahau kuzima ndege inaanguka?
– Hapana, hatua ya 4 imeshakujibu. Shida ni rubani kupitwa na neno la mnara wa kuongozea ndege wakati anatua.

Mbona Emirates watu wanapiga simu hewani?
– Tangu 2008. Mle ndani kuna kamnara kadogo ka simu, simu ikikapata inashusha nguvu. Isipokapata, inapandisha nguvu ikitafuta minara ya chini.

Na lile sakata la 5G Marekani, 2022, mashirika ya ndege yalipohofia itavuruga vipimo vya ndege?
– Lile lilihusu minara ya ardhini, si abiria. Gigahezi 3.7 hadi 3.98 za 5G hiyo zilisogelea mno 4.2 hadi 4.4 za altimita ya redio, kipimo kinachomwambia rubani yuko juu kiasi gani kutoka ardhini.

Nimejaribu mara tatu, sisikii kitu.
– Simu yako iko 4G, ndugu yangu. Hatua ya 2.